Nguzo ya Bi Mwanapili

Gari la Silima, afisa wa mambo ya kale, liliiacha lami likaingia njia ya mchanga ya Kiuyu. Mgeni, msafiri aliyeomba lifti Chake Chake, aliuliza kama wamefika. Bi Mwanapili, aliyekaa nyuma na chekeche kuukuu magotini, alikuwa amefumba macho. Tangu ujenzi wa hoteli uanze, kila akifumba macho husikia mchanga ukichekechwa.

Miaka kumi na minane nyuma alikuwa kibarua wa wataalamu waliochimba kando ya magofu ya msikiti. Yeye akichekecha udongo, wao wakiokota vigae. Siku moja likafunuka kaburi la mtoto, na shanga tatu za buluu shingoni. Wakalipima, wakalichora, wakatupia sarafu mpya ili wachimbaji wa baadaye wajue shimo liliishia wapi, wakafukia. Juu wakasimika nguzo ya zege.

Walipoondoka, Bi Mwanapili aliona nguzo ile itawaita wasaka mali. Akaing'oa, akaipeleka hatua ishirini upande wa msikiti. Akamnong'oneza mtoto: hakuna atakayekufunua tena.

Sasa eneo la kuhifadhiwa limepimwa kwa kufuata nguzo ile. Mtoto yuko nje ya mpaka, na zege la msingi wa hoteli linamwagwa leo. Ndiyo maana asubuhi hii alimfichulia Silima siri yake.

"Ramani nzima nimeichora kwa nguzo yako, Bi Mwanapili!" alisema Silima akishuka garini. "Miaka yote umenyamaza?"

"Nilimficha, mwanangu. Sikujua kuwa hata nyinyi hamtamwona."

Shaame, fundi mkuu, alicheka. "Bibi, kwako kila jiwe kaburi! Zege langu halingoji ndoto za mtu."

Bi Mwanapili hakumsikiliza. Alihesabu hatua ishirini kutoka kwenye nguzo, akasimama ndani ya msingi, katikati ya nondo.

"Hapa."

Silima alichimba kwa mwiko, Bi Mwanapili akachekecha. Chekeche la nne likabakiza sarafu, nyeusi kwa kutu. Shaame aliitazama, akavua kofia.

"Zimeni mashine," aliwaambia vijana wake.

Silima alichimba tena, polepole. Kitu cha buluu kikaonekana. Bi Mwanapili akageuza uso, akamkabidhi mgeni chekeche.

"Mimi nilimwahidi, siwezi kutazama. Kaeni naye mpaka afunikwe. Asiachwe peke yake."

Akashika njia ya miguu kurudi kwao. Nyuma yake mchanga ulikuwa ukichekechwa. Hakugeuka kuona kama ni mikono ya mgeni.