Kisu Nilichokichomoa Ukumbini

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi, mwanangu, nikiwa kijana wa umri wako hapa hapa Birmingham. Kila nikiikumbuka huinamisha uso, hata nikiwa peke yangu. Husemwa kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yangu haikuwa na bahati hiyo. Waliijua watu wote wa kanisa, kwa sababu niliifanya mchana kweupe, mbele yao, wakiwa wameshika sahani.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika mkahawa mmoja kule Harborne. Mama yangu, muuguzi, ndiye aliyenileta huku kutoka Kenya, na ilimchukua muda kuzoea kwamba mwanawe wa kiume anamenya vitunguu kwa mshahara. Mpishi wetu mkuu alikuwa Mjapani mmoja mkimya. Siku niliyomaliza uanagenzi hakutoa hotuba. Alinipa kisanduku chembamba cha mbao, na ndani yake mlikuwa na kisu.

Ngoja nikueleze kisu kile, maana hata leo sijaona kizuri kukishinda. Kilifuliwa kwa mkono na mhunzi wa kwao, na ubavuni alama za nyundo zilionekana kama maji yaliyoguswa na upepo mdogo. Karibu na mpini palichorwa jina la mhunzi kwa maandishi yao. Na chuma chake hakikushika kutu. Vipo visu vya Kijapani vikali vile vile ambavyo ukivikatia limau ukavisahau kidogo, vinabadilika rangi. Hiki nilikifuta kwa kitambaa tu, kikarudi kung'aa kama kipya. Mzee yule alinionya jambo moja: nisikigonge kwenye mfupa, kwa kuwa chuma kigumu namna ile hakipindi, hupasuka.

Mama naye alinionya la kwake. Alisema kisu cha kazi kibaki kazini, na kwamba katika mji huu kijana mweusi mwenye kisu begini hapewi muda mrefu wa kujieleza. Nilimwitikia vizuri, kama mnavyotuitikia nyinyi. Kisha Jumapili nikakitia begini nikapanda basi. Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nimeshapewa.

Kanisa letu lilikodi ukumbi mtaani Hodge Hill, na baada ya ibada tulikula pamoja, Wakenya na chapati zao, Wakongo na sombe, kisamvu chao, na fufu, ugali wao wa muhogo. Katika Wakongo hao alikuwapo Mama Fiston. Huyu alitoka Bukavu, akikimbia vita na mtoto mmoja mgongoni. Alimvusha mtoto yule mipaka na makambi hadi akamfikisha hapa, mahali tulipoambiwa pana amani, akamlea, akamvalisha sare ya shule. Na hapa ndipo vijana wenzake walipomchoma kisu Fiston barabarani, akafa kabla ya kufika hospitali. Mama yule alituomba tuendelee kumwita kwa jina la mwanawe, nasi tukaendelea.

Nilikuwa nimemzika Fiston. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Nilisimama kaburini kwa suti ya kuazima.

Sasa siku hiyo, vijana wenzangu walinizunguka pembeni ya meza. Nikafungua kisanduku. Nikakata nyanya vipande vyembamba hadi ukaona kidole upande wa pili. Mmoja akashika karatasi juu, nikaipasua bila sauti. Wakacheka, wakapiga makofi, wale waliozaliwa hapa wakasema kwa Kiingereza chao nifanye kama kwenye sinema. Kichwa kikanivimba. Nikarudi hatua moja, nikakizungusha kisu hewani, nikamwelekezea rafiki yangu tumboni kwa mzaha, naye akajishika akajifanya anaanguka.

Mama Fiston alikuwa anatoka jikoni na sufuria ya sombe.

Hakupiga kelele, mwanangu. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliiweka sufuria mezani taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alikitazama kisu, si mimi. Kisha akafungua mlango akatoka kwenye baridi ile bila koti. Rafiki yangu bado alikuwa amelala sakafuni, tabasamu limemkauka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikumwonyesha ung'ongo. Nilimwonyesha nyoka mwenyewe.

Niliyemwona kwanza nilipoinua uso ni mama yangu. Alikuwa ameufunika mdomo kwa mkono. Halafu Mzee Wafula, mzee wa kanisa letu, akanijia. Alikuwa mtu wa mzaha siku zote, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kijana," akasema, "ulikuwa hujui, au ulikuwa hukumbuki?"

Nilikuwa najua.

"Asiyejua hufunzwa," akasema. "Anayejua asikumbuke, huyo hakumtia mwenzake moyoni." Akanyoosha mkono nikampa kisu, yeye akanipa koti la Mama Fiston. "Mpelekee. Peke yako."

Nyumba yake haikuwa mbali, lakini nilitembea kama mtu aliyefungwa mawe miguuni. Koti lilinukia moshi wa jikoni. Nilibisha, akafungua, nikasema maneno ambayo siyakumbuki. Akalichukua koti, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu.

Baada ya hapo nikaacha kwenda kanisani. Nilimdanganya mama kwamba mkahawa umenipangia kazi Jumapili. Nikiona mwanamke wa Kikongo barabarani, navuka upande wa pili. Nilijiambia kwamba ninamhurumia yule mama, sitaki kumtonesha kidonda. Uongo mtupu. Nilikuwa najihurumia mwenyewe. Aibu ina hila hiyo, mwanangu: inajivika nguo ya heshima, ikakukalisha nyumbani, nawe ukadhani unafanya wema.

Mama aligundua, kama akina mama wanavyogundua. Hakunigombeza. Alisema, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe umechutama sasa kwa muda wa kutosha. Inuka ukaombe radhi."

Nikaenda Jumamosi. Safari hii Mama Fiston alinitazama usoni, akasema, "Ingia, baridi inaingia." Akanipeleka jikoni alikokuwa akipika. Nikaona vitunguu vizima vinaelea kwenye mchuzi. Nikaona mkasi kando ya nyama, na majani ya kabichi yaliyochanwa kwa vidole. Nilitazama ile meza yote, na mimi ni mpishi, nikaelewa kabla hajasema.

"Tangu Fiston," akasema, "kisu haijaingia mu nyumba yangu."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikaomba radhi. Safari hii maneno nayakumbuka, ila hayo ni yangu na yake. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Kisu yako iko wapi?" Nikamwambia kiko kwa Mzee Wafula, na kwamba hatakiona tena maishani mwake.

Akatikisa kichwa. "Ile ingine ilifanya kazi yake, nikaona. Sasa lete hii, nione inafanyaka kazi gani."

Mzee Wafula alikuja nami Jumamosi iliyofuata, akakaa sebuleni na kisanduku mpaka mama yule alipokitaka. Mama Fiston aliketi karibu na mlango, mgongo umenyooka, vidole vimeshikana mapajani. Nikakata kitunguu kimoja. "Polepole," akasema. Nikakata polepole. Ikasikika sauti ya chuma kwenye ubao, ndogo, ya kawaida, sauti ya nyumba yoyote inayopika. Kabla sijafika cha pili akasema leo inatosha, na uso wake ulikuwa umelowa.

Niliendelea kwenda. Jumamosi nyingine alivumilia kabichi nzima, nyingine alinizuia mlangoni, akasema leo hawezi, nami nikarudi. Siku moja akanyoosha mkono, akakata nyanya mwenyewe, vipande vinene vya ovyo. Tukavila kwa chumvi. Na alipokuwa ananisindikiza alisema, "Nilikusamehe, mutoto yangu. Lakini usiniombe nisahau." Sikumwomba kamwe.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipata kitu cha kujivunia, kabla hujakifungua mbele za watu, zungusha macho uone ni nani yumo chumbani na alizika nini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nawe una macho. Na ukimuumiza mtu, usiipe aibu yako kiti ndani ya nyumba. Ichukue uende nayo hadi mlangoni kwake, ubishe. Akikufungia, rudi siku nyingine. Aibu yangu bado ninayo, sijaiacha njiani. Lakini ni afadhali aibu inayotembea kuliko ile inayojificha.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, ipate kazi njema hapa ugenini. Akupe moyo unaomkumbuka mtu kabla hajatoka nje bila koti. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie mlango utakaofunguliwa mara ya pili.