Kompyuta Juu ya Jamvi la Karafuu

Siku niliyorudi kutoka skuli nikaikuta kompyuta yangu imeanikwa uani pamoja na karafuu, nilisimama kwenye mlango wa nyuma na mkoba begani. Ilikuwa imefunuliwa mpaka mwisho na kulazwa katikati ya jamvi kama samaki ng'onda. Mama alikuwa ameinama akizigeuza karafuu kwa mkono. Kila alipoifikia mashine aliizunguka kwa adabu, kisha akaendelea na kazi yake.

"Mama, nini hichi?"

"Kyombo kimeingia unyevu," akasema bila ya kuinua kichwa. "Toka juzi hakiwaki. N'mekitoa kipate jua."

Nilitaka kupiga kelele. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi na sauti ya kupigia kelele ninayo. Lakini Mama hakufanya ujinga. Kwetu Wawi, na nadhani Pemba nzima, kila kinachoharibika huharibiwa na unyevu. Biskuti hulegea, misahafu hushikana kurasa, viatu vya Idi huota ukungu kabla ya Idi nyengine kufika, na dawa ya yote hayo ni moja: toa nje, anika. Redio ya marehemu bibi iliponyamaza ilianikwa, ikasema tena miaka. Betri za tochi tumezianika sote. Sasa mashine ya mwanawe imezimika, jua kali, jamvi limeshatandikwa, angefanya nini kingine? Nikaiokota. Ilikuwa ya moto kama sufuria, na baina ya vitufe vyake mmejaa makonyo, vile vijiti vya karafuu.

Kompyuta yenyewe haikunishughulisha sana. Kilichonitia hofu ni kwamba Baba alikuwa mle ndani.

Nilipokuwa nasomea diploma ya ualimu tulipewa kazi ya kumhoji mzee mmoja juu ya shughuli zake. Wenzangu walihangaika kutafuta wazee. Mimi nilikuwa naye nyumbani, tena hanyamazi. Baba alikuwa mchumaji karafuu na mwenye shamba lake mwenyewe, zile eka tatu alizogaiwa babu baada ya Mapinduzi, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko karafuu zake. Nilimrekodi kwa simu, jioni hii na ile, hata kazi ya chuo ikaisha nami nikaendelea kwa sababu ilikuwa raha. Alieleza namna ya kuupanda mkarafuu bila ya kuvunja tawi, akaingia kwenye ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba, akatoka huko akaenda kumsema jirani. Nyuma yake kuku wanasikika, na Mama anasikika akimkosoa: "Muongo huyo, usimwandike." Simu ilipojaa nilihamishia vyote kwenye kompyuta, nikafuta simu ili iingie mengine.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukawa wa kuburura, na maneno yakamtoka. Alibaki na sauti isiyokuwa na herufi, anaikokota kooni, "nga, nga-nga," mradi ni hiyo tu kwa njaa, kwa kiu, kwa hasira na kwa salamu. Siku za mwanzo sote tulikuwa tukikisia anachotaka. Baadaye tukawa tunampa maji kwa kila kitu.

Ndipo Mama alipoigundua kompyuta. Alinikuta nikisikiliza kipande kimoja, akasimama na upawa mkononi mpaka kikaisha, na kuanzia siku hiyo ikawa ada. Baada ya sala ya alasiri, akishakaa barazani na pakacha lake la karafuu za kuchambua, huniita: "Mwanangu, n'fungulie babaako." Namfungulia. Baba wa zamani anaanza kusema, na Mama anacheka pale pale alipocheka jana, anajibizana naye. "Siyo hivyo bwana, ule ulikuwa mwaka wa mvua kubwa." Baba mwenyewe amekaa kwenye kiti chake hapo hapo ubavuni petu, ametazama uani.

Basi hicho ndicho kilichozimika. Kwanza kilianza kugonga ndani, tk, tk, tk, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Halafu kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe nisiyoyafahamu. Halafu ndio likaja hilo la jamvi.

Niliipeleka Chake Chake kwa fundi mmoja mwenye kiduka chembamba, mtu mzima aliyekwisha kuota mvi. Alifungua skrubu za chini, akanusa.

"Mwalimu, hii umeipaka nini?"

"Ilianikwa."

"Imeanikwa?"

"Na karafuu."

Nilikuwa tayari kugombana naye akicheka. Hakucheka. Yeye ni mtu wa Chokocho, Pemba hii hii, na mambo ya unyevu hahitaji kuelezwa. "Mama yangu aliianika simu yangu juu ya bati," akasema, "ikayeyuka kifuniko." Akaendelea kufungua.

Alinitolea kisanduku cha chuma kidogo, chembamba, akakiweka kiganjani mwangu. Hiyo ndiyo hadi-diski, akaniambia, humo ndimo kinamokaa kila kitu. Ndani mna visahani vinavyozunguka na mkono mdogo unaovisoma bila ya kuvigusa. Mkono wa hicho changu ulikuwa umeanguka juu ya visahani, na kule kugonga nilikokusikia ndio mkono wenyewe unaparaza.

"Dawa yake?"

"Kutia mpya. Mashine yako nzima kabisa. Zipo hizi za sasa ambazo hazizunguki kitu ndani, hata ikianguka haina neno. Nakutilia, unaondoka nayo, na itakuwa na mbio kuliko ilivyokuwa."

"Na yaliyomo humu?"

Alikuna kidevu. Kuna watu Dar es Salaam, akasema, wana chumba kisichoingia vumbi, hufungua visanduku kama hivi na kuvichokoa. Huenda wakaokoa, huenda wasiokoe. "Lakini mwalimu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nikamwambia koleo lake aliweke kabatini, mimi namtaka baba yangu. Akaniomba radhi. Tuliafikiana kisanduku cha zamani akipeleke Dar kwa msafiri wa boti, na hiyo mpya nikaifikirie kwanza.

Nilifikiri nini, sijui. Watu wenye akili zao hawafikirii mambo kama haya. Kimekufa kimoja, wananunua kingine, basi. Mimi nilijiona kama mtu aliyefiwa juzi anaulizwa ataolewa lini. Nilipomweleza Mama, naye hakuelewa kwa nini nasumbuka.

"Hiyo mpya ina maneno ya nani?"

"Haina kitu, Mama. Tupu."

"Basi ya nini?"

Akachambua karafuu. Baada ya muda nikaona mikono yake imesita.

"Mwanangu, n'ambie kweli. Miye ndiye niliyemuua? Kwa lile jua?"

Nikamwambia la, na nikaona hakuniamini, maana mimi ni mwanawe na ningesema hivyo hivyo hata kama ni yeye. Nikampigia fundi, nikampa Mama simu, nikaingia jikoni ili wasemezane peke yao. Niliporudi alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kasema alikuwa mgonjwa toka hapo," akaniambia. "Kasema jua halikumdhuru." Sijamwuliza fundi kama ni kweli, na sitomwuliza. Nampenda kwa lile tu.

Alasiri zikaendelea kuja, na hatukuwa na la kufungua. Zamani tulikaa tumegeukia mlango, kwa sababu soketi ya umeme iko pale na waya wa mashine mfupi. Sasa Mama hakuwa na haja ya mlango. Akageuza kibao chake, akakaa na Baba, na yeye pia akitazama uani. Mwanzo alimsemesha kama anavyosemeshwa mtoto mchanga, nami nikachukia nikiwa ndani nasahihisha madaftari. Baadaye akaanza kumgombeza. Baadaye zaidi nikasikia wanabishana.

"Nga-nga."

"Mguu?"

"Nga."

"Mto?"

"Nga!"

"Haya, mto. Si ungesema toka mwanzo!"

Nilicheka peke yangu hadi kalamu ikateleza juu ya daftari la mtoto wa watu. Mama ni mzaliwa wa Makoongwe, kisiwani, na watu wa kule wana subira ya kungoja kitu kinachozama kiibuke. Aliketi pale kila siku, akikosea na kupatia. Ikafika nikawa nasikia upande mmoja wa mazungumzo yenye maana kamili, na upande wa pili ni koo tu.

Siku moja ya Jumamosi jua linawaka vizuri, majamvi mawili yamejaa karafuu karibu kukauka, Baba akaanza kupiga kelele. Nilimpelekea maji, akayasukuma yakanimwagikia. Nikamwinua nimpeleke chooni, akakaza mguu wake mzima mlangoni akagoma. Nikamwuliza kama kichwa kinamuuma, akanipiga kofi. Kwa mkono wa kushoto, lakini kofi hasa. Mama akatoka jikoni na mikono ya unga, akachuchumaa mbele yake, akamtazama mdomo.

"Anua," akasema Mama. "Kasema anua!"

"Jua lote hili, Mama?"

"Anua, usin'bishie!"

Tukaburura majamvi, tukakumba karafuu kwa mikono, kwa sinia, kwa ungo, kwa mtandio wangu wa skuli. Karafuu iliyokaribia kukauka ikirowa huwa mpeta, hainunuliki, na jasho la msimu mzima limekwenda. Pakacha la mwisho lilikuwa bado mlangoni mvua ilipopiga bati. Baba kiti chake kilikuwa kimeelekea pengo la minazi ambako mvua hutokea, na sisi wengine wote tulikuwa tumeupa mgongo upande ule. Nilimgeukia, nikamkuta anatucheka. Amefumba macho, mabega yanamtikisika, anatucheka tulivyorowa na unga na karafuu nyweleni. Kile kicheko nilikuwa nacho kwenye kompyuta mara nyingi sana, na nilidhani kimeondoka na kompyuta. Kilikuwa kile kile, hakikupungua kitu. Nikakaa sakafuni nikalia, na Mama akanipisha nilie.

Wiki hiyo hiyo fundi akanipigia simu. Sauti yake ilinieleza kabla ya maneno. Watu wa Dar wamejaribu, visahani vimekwanguka, hakuna kilichopatikana, hata kipande. Safari hii hakutoa methali. Nikamwambia atie mpya.

Nilirudi nayo nyumbani Mama na Baba wakiwa barazani. Nilikuwa nimepanga njiani maneno ya kuanzia. Nikasema tu: "Hakupatikana."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Mama, taratibu, kama anavyoipokea tanzia ya mtu. Baba aliinamisha kichwa pamoja naye. Kisha Mama akaitazama mashine magotini mwangu.

"Hiyo mpya inasikia?"

"Inasikia."

"Basi mtie huyu."

Sikufahamu mara ya kwanza. Aliponionesha Baba kwa kidevu, nilijikuta namnong'oneza, jambo la ajabu, maana masikio ya Baba ni mazima. "Mama, atasema nini?"

"Muulize mwenyewe. Yuko hapo."

Nikamwuliza. Baba alifikiri, halafu akapeleka mkono wake wa kushoto kichwani, akajipapasa. Mama akaingia ndani akatoka na kofia yake ya kwendea Ijumaa, akamvisha, akarudi nyuma kidogo kumtazama, akaisogeza kidogo kwa mbele. Nikafungua mashine. Nikabonyeza.

Alisema kwa muda mrefu. Sauti ilipanda, ikashuka, ikakwama, akaivuta tena. Alionesha uani kwa kidole, akaonesha upande wa shamba, akajigusa ule mkono uliolala. Mara mbili alikasirika na koo lake mwenyewe akaanza upya. Mimi sikuambulia hata neno moja. Mama alikuwa ameziacha karafuu, mikono imetua mapajani, na hakumkatiza kabisa, yeye ambaye kwenye zile rekodi zote hakumwachia amalize sentensi. Mwisho Baba akanyoosha kile kidole kwake, akasema kitu kifupi, akatua.

Mama alimtazama mpaka pumzi zake zikatulia.

"Na miye, bwana," akamwambia. "Na miye vile vile."

Nikamwuliza Mama, Baba kasema nini.

"Ya mtu na mkewe," akanijibu. "Weye zima hiyo."