Kiraka cha Mkono wa Kaka

Wifi yangu tunamwita Mama Chumvi, na jina hilo hakulitafuta, limemfuata kutoka kazini. Yuko kiwanda cha ngozi tangu kabla kaka yangu hajamwoa. Akiingia chumbani, harufu imeshatangulia. Nilimtania miaka mingi, jamani, lakini siku hizi hata nguvu za kutania sina.

Kazi yenyewe ni hii: ngozi zinakuja na chumvi, zinalowekwa, zinatiwa kwenye shimo la chokaa mpaka manyoya yanalegea. Kisha anazitandaza moja moja kwenye gogo na kuzikwangua kwa kisu cha mishikio miwili.

"Ngozi ina ghorofa tatu, wifi," aliwahi kuniambia. "Ya juu inaondoka na manyoya. Ya chini ni mafuta, nakwangua natupa. Ya kati ndiyo viatu vyako hivyo."

Chokaa imemla vidole mpaka vimekufa ganzi. Sufuria ya moto anaiepua kwa mikono mitupu, mimi ndiye napiga kelele kwa niaba yake.

Kaka ni mpishi wa shule. Sufuria kubwa ya maji yanayochemka ilimpindukia mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidole. Palipoungua zaidi hakusikia maumivu, nasi tukafurahi, wajinga sisi. Daktari akasema hapo ndipo pabaya, maana hata mishipa ya fahamu imeungua. Wakamchuna ngozi nyembamba pajani, wakamshonea mkononi. Kiraka kikishika, atarudi jikoni. Kisiposhika, mkono utajikunja na hautakunjuka tena.

Tukawa tunapokezana wodini. Wifi akitoka kiwandani anakuja moja kwa moja na mabuti yake, mimi nakwenda kuwapikia watoto. Tulichoka mpaka tukawa tunapishana mlangoni bila salamu.

Mchana mmoja nikamkuta wifi amefungua bandeji ya kaka. Mkono uko wazi dirishani, naye anaupepea kwa kipande cha boksi. Kaka amelala fofofo kwa dawa.

"Wee! Unafanya nini?"

"Kulikuwa na majimaji, wifi. Ngozi mbichi ikikaa na maji inaoza. Nimeona zimeoza ngapi! Naikausha kidogo tu."

Muuguzi alipoingia hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliulowesha mkono kwa maji ya chumvi ya hospitali, akaufunga upya, ndipo akasema.

"Mama, ngozi hii ingali hai. Imekatwa, haina damu yake. Siku hizi za mwanzo inakunywa majimaji hayohayo ya kidonda, mpaka mishipa ya damu iingie. Ukiikausha, unaiua kwa kiu."

Wifi akakaa sakafuni. "Maisha yangu yote nashika zilizokufa," akasema.

Maneno ya kumgombeza nilikuwa nayo, tena si haba. Nikayaangalia yale mabuti yake, nikachoka. Nikakaa naye palepale chini.

Ukingo wa kiraka upande wa kidole gumba uligeuka mweusi, wakaukata. Kwingine kulishika. Wifi alimwambia mumewe mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba kidole hicho kitabaki kigumu na sababu ni yeye.

"Basi vitunguu utamenya wewe," kaka akasema.

Yakaja mazoezi ya kunyoosha vidole. Kaka analia kama mtoto, wifi amemshikilia, naye machozi yanamtoka. "Vumilia, baba watoto. Ngozi ivute ingali mbichi."

Miezi ilipita. Kile kiraka hakitoi jasho wala mafuta, kwa hiyo kila wifi akirudi kutoka kazini anakipaka mafuta, kabla hata ya kuvua mabuti. Kaka alikuwa hasikii chochote hapo, na tulishaacha kumuuliza.

Jana alikuwa anasinzia kwenye kiti, wifi anampaka.

"Mikono yako baridi," kaka akasema, macho amefumba.

Wifi akaganda. "Umesemaje?"

"Baridi. Tena inakwaruza."

Nikapiga kigelegele kimoja cha uchovu, kikaishia njiani. Wifi aliendelea kuupapasa ule mkono polepole, juu na chini, kisha akanigeukia.

"Mimi vidole vyangu havisikii, wifi. Hebu gusa. Ni laini?"

Nikagusa.

"Ni laini," nikamwambia.