Kaka yangu aliiambia bima kwamba mama hakosi mtu

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyalainishe. Watu wa kanisa letu wanaosoma ukurasa huu watanijua tu, na wanijue.

Mimi nina miaka arobaini na moja, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, mama wa watoto wawili. Sasa naishi Marekani, mjini Buffalo, East Side, pamoja na mama yangu mzazi. Mama alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita na upande wa kulia wote haufanyi kazi. Hawezi kusimama bila kushikwa, hawezi kujiosha, hawezi kwenda chooni peke yake. Bima yake inamlipia mhudumu wa nyumbani kwa masaa manne tu, saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Mimi nafika kutoka kiwandani saa kumi jioni, na watoto wanarudi kutoka shule muda huo huo. Katikati hapo mama yuko na kuta.

Na mnajua anafanyaje? Hanywi maji. Tangu asubuhi anakataa hata chai, ili asibanwe na haja mhudumu akishaondoka. Miezi michache iliyopita alilazwa kwa sababu mwili ulikauka, na figo zikaanza kusumbua. Daktari alikasirika kuliko mimi, akaandika kwamba mama anahitaji masaa kumi. Bima wakasema watatuma kwanza nesi wao aje kumpima.

Hapo ndipo alipoingia kaka yangu mkubwa. Anaishi Gahanna, kule Columbus, jimbo la Ohio, ni mzee wa kanisa na anatafuta uchungaji. Tangu mama augue amekuja mara mbili tu, na mara zote mbili alimlisha mama vijiko vitatu vya uji, akapigwa picha, akaitupia mtandaoni, akarudi kwake. Siku ya nesi aliwapigia akina mama wa kanisa langu waje kufunika kikao kwa maombi. Wakaja saba, na vitenge vyao, na sambusa. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye simu ya video.

Nesi, kupitia mkalimani, akauliza ni nani anamsaidia mama mhudumu akishaondoka. Nilifungua mdomo, kaka akaniwahi.

"Mama yetu hajawahi kukosa mtu," alisema. "Tuko watoto watatu, tunapokezana. Na kanisa lipo kila siku. Sisi Waafrika hatutupi wazazi."

Akina mama wakaitikia amina. Nesi akawatazama wote saba, akaandika. Na mimi, mjinga mimi, nikanyamaza. Kwetu humkatizi kaka mkubwa mbele ya wageni, sembuse mbele ya watu wa kanisa, kwa hiyo nikaenda kuchemsha chai. Mpaka leo sijajisamehe.

Baada ya wiki mbili barua ikaja: ombi limekataliwa, mgonjwa ana watoto watatu na waumini wanaomhudumia. Waumini gani? Tangu siku ile hakuna hata mmoja aliyegonga mlango wangu. Mdogo wetu yuko Louisville, anafunga maboksi ghalani na ana mtoto mchanga, naye eti anapokezana. Apokezane kutoka Kentucky, kwa miguu ya nani?

Nikakata rufaa. Bima wakaisoma wenyewe, wakaikataa wenyewe. Sasa imebaki jaji wa jimbo, atatusikiliza kwa simu Alhamisi hii. Wakili wa bure aliyenipokea, dada mmoja asiyecheka ovyo, aliniambia kila mtoto aliyetajwa kwenye ripoti ya nesi aandike barua, aseme anakaa wapi na kwamba hamhudumii mama. Mdogo wetu aliandika siku ile ile, kwenye mapumziko ya kazi. Kaka alikaa wiki nzima hapokei simu, na alipopokea aliniuliza kama nimerogwa.

"Unataka niiandikie serikali kwamba nimemtupa mama? Na hiyo karatasi ikifika kanisani?"

Nikamwambia kanisa halisomi mafaili ya bima. Nikamwambia basi aje akae na mama hayo masaa ya mchana, wiki moja tu, na rufaa naifuta. Akasema Marekani imenitoa adabu, akakata simu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila huyu anaficha wa kwake kwa nguo za mama. Hajapiga tena.

Wakili anasema bila barua yake nitalazimika kusema mwenyewe, kwa kiapo, kwamba kaka alidanganya na hamsaidii mama kwa lolote. Ningeyasema hata sasa hivi, tena kwa furaha. Shida ni mama. Anataka kuwepo, na mkalimani atamtafsiria kila neno kwa Kirundi. Mama anaishi kwa ajili ya yule mwanawe. Kila anayempigia simu kumjulia hali anaambiwa jinsi mwanawe anavyomlisha kwa mkono wake mwenyewe, na mimi ninayembadilisha shuka nimesimama pale nasikiliza. Juzi nilipomweleza habari ya Alhamisi alinishika kwa ule mkono mzima.

"Usimchafue ndugu yako," alisema. "Mimi nitapunguza maji. Hata yale ya dawa naweza kuyaacha."

Niliingia bafuni nikalia, na kilikuwa kilio cha hasira. Nilimkasirikia kaka, nikawakasirikia bima, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata yeye.

Jamani, msiniletee mistari, Biblia ninayo. Alhamisi jaji ataniuliza nani anamsaidia mama, naye mama atakuwa ameketi pembeni yangu. Nikisema kweli, atajua kwamba mwanawe hayupo. Nikinyamaza tena, ataendelea kusukuma kikombe mpaka siku nitakayorudi kazini nimkute amekauka. Ninyi mngekuwa mimi, mngemjibu nini yule jaji?