Kimya cha Lou Farbman

Miaka yote ya redio, Lou Farbman aliichekesha Amerika akiwa na karatasi mkononi. Kila ukurasa alioumaliza aliuachia udondoke polepole, usije ukatoa sauti karibu na maikrofoni, na kipindi kikiisha sakafu ilikuwa nyeupe miguuni pake. Mkewe Adele, binti wa mwalimu na mhitimu wa chuo, alikaa ukumbini, safu ya tatu, kila Jumapili. Ndugu zake walisema ameolewa na kichekesho. "Nimeolewa na mtu anayeijua kazi yake," alijibu, na maneno yakaishia hapo.

Televisheni ilipokuja, karatasi zikakatazwa. Nani akae sebuleni kumtazama mtu akisoma? Ikabidi Lou akariri, na Adele akawa anamkaririsha asubuhi, mayai yakipoa mezani.

"Mama mkwe kaja kututembelea," Lou alianza. "Nikamuuliza, 'Mama, utaondoka lini?' Akasema, 'Siku mtakaponichoka.' Nikamwambia..."

"Ukamwambia nini?"

"Usiniharakishe! Mama yako mwenyewe huyu, halafu hunisaidii?"

"'Basi ungeshukia njiani.'"

"Hilo hilo! Mke wangu, una akili wewe. Sijui ulinipendea nini."

"Hata mimi nimesahau," Adele akasema, wakacheka wote wawili.

Adele alidhani kusahau huku ni uchovu. Kisha siku moja Lou akauliza mama yake atafika saa ngapi kwa chakula, na mama huyo alikuwa amelala kwenye makaburi ya Queens tangu wakati wa vita. Adele hakumwambia mtu, hata dada yake. Lou alianza maisha akiuza samaki wa chumvi kwenye pipa, mtaani Orchard, na jina lake alilijenga mwenyewe. Adele aliapa kwamba jina hilo halitaishia kwenye midomo ya watu wa kumwonea huruma.

Kipindi kilirushwa moja kwa moja, bila nafasi ya kurudia. Jumapili moja Lou alifika kwenye "Nikamwambia," akanyamaza. Akaitazama kamera. Vidole vya mkono wake wa kulia vikafunguka taratibu, vikadondosha ukurasa ambao haukuwepo.

Ukumbi mzima ulitulia. Adele aliyaona macho ya mumewe, macho ya mtoto aliyepotea sokoni. Basi akacheka. Mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akionyesha meno mbele za watu, alirudisha kichwa nyuma akaangua kicheko. Safu ya pili ikamfuata, kisha ukumbi wote ukalipuka.

Magazeti yakaandika kwamba hakuna mchekeshaji mwenye ujasiri wa kunyamaza kama Farbman. Bwana wa kampuni ya sabuni iliyogharamia kipindi akapiga simu, furaha imemjaa.

"Bibi Farbman, kimya kile tunakitaka kila wiki!"

"Hamtakipata. Mume wangu anastaafu."

Lou alipoambiwa, alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. "Umenizika hai, Adele. Watu wananipenda, wewe unanionea aibu."

Kesho yake alikuwa amesahau, akauliza kipindi kinaanza saa ngapi, na keshokutwa yake tena, na kila alipojibiwa akaumia upya. Waandishi nao wakasema mke mwenye majivuno amelinyima taifa kicheko. Adele hakukanusha. Heri asemwe yeye kuliko Lou.

Miaka ya mwisho Lou alikaa dirishani akisoma gazeti kwa sauti, kila ukurasa akiuachia udondoke polepole. Adele alikuwa akiziokota kurasa hizo.

Lou alipofariki, vioo vilifunikwa kwa desturi ya matanga ya Kiyahudi, Adele akakaa kwenye kigoda kifupi cha mfiwa, na majirani wakaleta mayai ya kuchemsha na mkate. Vernon Tate, mtangazaji wa Lou tangu enzi za redio, akamwinamia.

"Bibi, Jumapili ile... sisi wa studio tulijua."

"Mlijua nini, Vernon?"

Mzee yule akamtazama. "Kwamba hakuna aliyejua kunyamaza kama yeye."

"Asante. Basi wasimulie ile ya mama mkwe."

Vernon akasimama, akaisimulia vizuri. Alipofika kwenye "Nikamwambia," akanyamaza, akafungua vidole. Chumba chote kikamgeukia mjane.

Adele akarudisha kichwa nyuma, akacheka, nao wakamfuata. Walipokwisha kucheka, yeye alikuwa bado hajamaliza, leso iliyolowa imeufunika uso wote.