Siku Nilipomkalisha Mwende kwenye Kiti cha Mvule

Jamani, kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, na kuna hii yangu, ambayo nimeificha miaka mingi na hata leo nikiisimulia natazama chini. Mkinicheka sitakasirika, maana kuna mahali inachekesha kweli (mtu mzima, suti ya harusi, amesimama katikati ya uji), ila nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaamua ni kicheko cha aina gani.

Mwende ni kifungua mimba wetu. Mama yake alikaa na uchungu siku mbili, na mtoto alipotoka hakulia, akafanyiwa fanyiwa mambo pale mpaka akavuta pumzi. Umri wa kukaa ukafika hakukaa, wa kutambaa ukapita, na mwili wake ukawa na tabia mbili tu, ama unalegea wote ama unakakamaa wote. Watu wa kwetu Ukambani walisema yao, majirani wa mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, wakasema yao, na mimi nilikuwa nawasikiliza wote kwa sababu sikuwa na langu la kusema. Aliyetupa maneno ya kueleweka ni mama mmoja wa mazoezi kule kliniki, ambaye sote tulimwita Sista ingawa hakuwa nesi. Alituambia huo ni mtindio wa ubongo, kwamba ubongo wa mtoto uliumia alipokosa hewa, si laana ya mtu, na miguu yake haina ugonjwa wowote, ni vile amri kutoka kichwani hazifiki sawasawa. Akasema hautapona kama homa inavyopona, lakini mtoto anaweza kufundishwa kukaa, kula, kunywa, na hata kusoma, mkimkalisha vizuri.

Kumkalisha vizuri! Hapo ndipo mambo yangu yanapoanzia.

Sista aliwafundisha kina mama kutengeneza viti vya watoto wao kwa maboksi, magazeti ya zamani na gundi ya unga wa ngano. Mnapaka karatasi juu ya karatasi, mnaianika juani wiki nzima, mnapaka tena, mpaka inakuwa ngumu kiasi kwamba ukiigonga inalia ko ko ko. Mke wangu Ndunge akatengeneza cha Mwende. Kilikuwa kifupi, mgongo wima, na ubao wa kukanyagia ili miguu isining'inie, halafu mbele pale katikati ya mapaja kulikuwa na kigingi cha kumzuia mtoto asiteleze, na mkanda wa kupita kwenye nyonga, ambao Ndunge alikuwa ameutoa kwenye mkoba wa mitumba. Mbele kulikuwa na meza ndogo. Mwende akakalishwa humo kila siku, mwaka mmoja na nusu, na mama yake akimshika mkono na kikombe, kikombe na mkono, kichwa kikiinama mbele kidogo, fundo moja, ameze, apumzike, fundo lingine. Asubuhi moja nikiwa navaa viatu niende kazini nikamwona mtoto ameshika kikombe chake kwa mikono miwili na anakunywa uji mwenyewe, mama yake akiwa kule jikoni. Nililia, sina haja ya kuficha.

Lakini mimi ni seremala. Nina kibanda soko la Gikomba, natengeneza viti vya watu na watu wanavisifu, na mtoto wangu mwenyewe anakaa kwenye kiti cha magazeti! Ukikichungulia upande wa nyuma unasoma matangazo ya sabuni. Jambo hilo lilikuwa linanikera kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Sasa karibu na kwetu kulikuwa na shule ya nasari kwenye ukumbi wa kanisa, na mwalimu mkuu wake alikuwa Mwalimu Wairimu, mama mpole lakini asiyezunguka na maneno. Ndunge alikuwa amekwenda kwake mara tatu kumwombea Mwende nafasi. Mara ya tatu Mwalimu akamwambia, “Mama Mwende, mimi na msaidizi wangu tuna mikono minne na watoto ni arobaini. Mlete siku ya kufunga shule. Nikimwona amekaa na wenzake na amekunywa uji bila kushikwa, Januari aanze.” Mtoto alikuwa na miaka sita. Ndunge alirudi nyumbani akiimba.

Mimi nikasema moyoni, mtoto wangu hapelekwi mbele ya watu na boksi. Nikatafuta mbao za mvule, nikachukua vipimo vya kile kiti cha karatasi, nikaanza. Na ningekinakili hivyo hivyo, wallahi haya yote yasingetokea. Lakini nilipokuwa naweka kile kigingi wenzangu wa pale kibandani wakaja kuangalia, na mmoja (Mkikuyu mmoja fundi wa makabati, mcheshi sana, kila mtu alikuwa anamwogopa mdomo wake) akasema, “Fundi, hii ni kiti ama ni mtego wa panya?” Wakacheka. Nami nikacheka nao, halafu nikachukua msumeno nikakata kigingi.

Ndio uamuzi wangu mdogo huo. Kigingi kilipotoka, mkanda peke yake ukaonekana kama kamba ya kumfungia mtoto, nikauacha. Bila mkanda nikaogopa ataanguka mbele, kwa hivyo nikaulaza mgongo wa kiti nyuma, kama vile vya wakubwa wa maofisini. Kilipolala nikaona kimekuwa kifupi mno, hakina heshima, nikakiongezea miguu, na ubao wa kukanyagia ukabaki mbali huko chini, nikauondoa. Halafu nikakipiga msasa siku mbili na vanishi mara tatu mpaka ukawa unajiona uso.

Siku ya kufunga Ndunge alimvika Mwende gauni la manjano, akamfunga mgongoni, na mimi katika suti yangu ya harusi nikajitwika kiti kichwani. Tulipofika mlangoni akasimama.

“Baba Mwende, na kile kingine kiko wapi?”

“Nimekiacha.”

“Umekiacha ama umekisahau?”

“Mama Mwende, mtoto wangu hatafungwa mkanda mbele ya watu kama mbuzi wa Krismasi. Twende.”

Alikuwa na la kusema, nililiona usoni, lakini kwetu mke habishani na mumewe mlangoni majirani wakiangalia, na mimi nililijua hilo na nikalitumia. Tukaenda. Njiani watu walikuwa wakiuliza hicho kiti ni cha nani, na kila nikijibu nilikuwa narefuka.

Ukumbini wazazi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, watoto mbele, na sufuria kubwa ya uji juu ya benchi moja imepoa kidogo tayari kugawiwa. Tukamkalisha Mwende mstari wa mbele. Kiti kilimeremeta! Mzazi mmoja akauliza kwa sauti fundi ni nani, Mwalimu Wairimu akatabasamu akasema, “Simama wakuone, Baba Mwende,” na mimi nikasimama, wakanipigia makofi. Ningeinama tu kidogo na kukaa. Badala yake nikatoa hotuba. Nikawaeleza mvule ni nini, nikawaeleza viungio visivyotumia hata msumari mmoja, nikawaelekeza mpaka kibanda kilipo, ukiingia Gikomba pita wauza nguo, ulizia upande wa mafundi. Na wakati wote huo, nyuma yangu, mtoto alikuwa anateleza.

Mwili wa Mwende ukilazwa nyuma hukakamaa, Sista alikuwa ametuambia mara mia, kichwa kinakwenda nyuma, miguu inanyooka, na vanishi yangu ikafanya kazi iliyobaki. Nilipogeuka alikuwa ameshuka mpaka gauni limekusanyika kwapani na nepi yake iko wazi mbele ya ukumbi mzima. Watoto wakaanza kucheka. Nikamwinua, akateleza. Nikamwinua tena. Ndunge alikuwa ameshasimama, nami nikamwonyesha kwa mkono akae, nikamnong'oneza, “Mwache, atajikaza.”

Wakati huo uji ukawa umeanza kugawiwa. Kikombe chake kiliwekwa kwenye meza ya watoto iliyokuwa mbele yake, na meza hiyo ilikuwa chini sana kwa ule urefu wa kiti changu. Akanyoosha mkono, haufiki. Nilimwona akitazama kikombe, halafu akimtafuta mama yake kwa macho, na Mwalimu Wairimu amesimama pembeni anangoja. Nikachukua kikombe mimi mwenyewe. Nikamwinua kidevu kama mtu anayempa mtoto dawa, nikamimina.

Hakukohoa. Ningependa mjue hivyo, kwamba mtu akikabwa kweli hakuna sauti. Alinitazama tu, midomo ikibadilika rangi, na mimi nimesimama na kikombe mkononi nikisema, “Meza, mama, meza.”

Ndunge aliruka benchi. Alimpokonya mtoto kwenye kiti kwa mkono mmoja, akamlaza kifudifudi juu ya mapaja, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara ya nne uji ukatoka na Mwende akavuta pumzi na kulia. Kiti nacho, kwa ile miguu mirefu niliyokipa, kikaanguka nyuma kikapiga benchi la sufuria, na uji wa watoto arobaini ukamwagika wote. Ukaingia viatuni mwangu. Watoto wakaanza kulia uji wao, mama mmoja akateleza akakaa chini puu, na mimi katikati nimeshika kikombe kitupu.

Mngefikiri aibu yenyewe ni hiyo. Hiyo ilikwisha kwa kufagiliwa.

Aibu ni ya baadaye kidogo, tulipotulia. Mwalimu Wairimu alikuja akamshika Ndunge bega akasema, “Pole sana, mama. Mtoto bado hajawa tayari. Mngoje mwaka mmoja zaidi, halafu tuone.”

Ndunge akasema, “Mwalimu, anaweza. Nyumbani anakunywa mwenyewe, anashika kikombe mwenyewe, nakuambia ukweli.”

“Mama, nimeona kwa macho yangu. Siwezi kukaa na mtoto wa kukabwa.”

Na Ndunge akageuka akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi. Maneno yalikuwa machache sana: Mwalimu, si mtoto, ni mimi, ni kiti changu, tupe nusu saa nikimbie nyumbani nilete kingine. Wazazi wote walikuwa wanasikiliza, wale wale walionipigia makofi. Nikatazama viatu vyangu vilivyojaa uji. Nikanyamaza.

Tulirudi nyumbani, mimi na kiti changu kichwani. Ndunge alimkalisha Mwende kwenye kile cha karatasi, akamfunga mkanda, akampa kikombe, na mtoto akanywa wote mpaka chini kama kawaida yake. Halafu mke wangu akaniambia taratibu, “Hicho cha mvule kalia wewe.” Akaenda zake jikoni. Nikakalia. Nawaambia, mtu mzima, nikajikuta nateleza.

Jumatatu nikaenda ukumbini kusema nililopaswa kusema, nikakuta kufuli. Mwalimu alikuwa amekwenda kwao Murang'a kwa likizo. Januari nilipompata nikamweleza yote, akanisikiliza, akasikitika kweli, akasema ningesema siku ile ile angemwandika pale pale, lakini sasa darasa limejaa na hana hata pa kuweka mkeka. Mwende akabaki nyumbani mwaka mzima, akitazama wenzake wakipita dirishani na mikoba yao. Alianza mwaka uliofuata, na mimi ndiye niliyejitwika kiti cha magazeti kichwani kutoka mlangoni mpaka ukumbini, matangazo ya sabuni yakisomeka na kila mtu.

Mwende sasa ni mtu mzima. Anaongea polepole, ukiwa na haraka hutamsikia, na watu wengi wana haraka. Siku moja nilikaa naye nikamweleza habari ya siku ile, nikidhani namwambia jambo asilolijua, kwa kuwa alikuwa mdogo, na kwa kuwa (acha niseme ukweli wote) siku zile hata mimi niliyemzaa sikuwa na hakika anaelewa kiasi gani. Nikamwambia, mwanangu, kosa halikuwa lako, lilikuwa langu, na sikusema.

Akachukua muda wake kuyapanga maneno. Akasema, “Najua, Baba. Nilikuwa hapo. Nilikungoja useme.”

Siku hizi nikiwa naye mahali, iwe hospitali, iwe ofisini, iwe kanisani, na jambo likaharibika kwa kosa langu, nasema kwa sauti kabla sijaulizwa, hata kama wanaosikiliza ni mia. Wengine hunishangaa. Mwaka ule siwezi kumrudishia.