Mzinga wa Nyuma

Bosi wangu wa Riyadh, mzee mstaafu, alikuwa na manowari ya Wajapani, ya plastiki, urefu wa mkono wangu, aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Mimi nimesoma hadi darasa la tatu, lakini historia ya meli ile naijua kuliko ya marehemu mume wangu. Kila nikipangusa vumbi mzee alinisimulia: ilivyosindikiza meli za askari, ilivyookoa mabaharia, ilivyopigwa bomu ikarudi kwao kutengenezwa, mzinga mmoja wa nyuma ukang'olewa, zikawekwa bunduki ndogo za kutungulia ndege. Mwaka uliofuata ikazamishwa.

Tulipohamia Jeddah niliipakata njia nzima, ndani ya boksi la keki. Dereva, Mkenya mwenzangu, akanicheka.

"Shosh, hata huyo mjukuu wako hutambeba hivi."

"Tazama barabara," nikamwambia.

Mjukuu mwenyewe nilikuwa nimemwona kwenye simu tu. Nilikuwa nimeomba likizo nikamshike, na mzee alisema atanijibu tukishatulia.

Meli ilifika nzima. Wiki ya pili nikapitisha mashine ya vakyum kwenye rafu, ikameza mzinga. Nikamwaga uchafu wote kwenye gazeti: nywele, punje za wali, kifungo. Mzinga ulikuwamo, umepondeka kama muwa uliotafunwa.

Dereva akanishauri nisingizie paka. Nyumba ile haikuwa na paka. Nikaenda kwa mzee na gazeti langu.

"Baba, nimevunja mzinga wako. Ni wa nyuma, ule wa juu. Si ndio uliosema waliung'oa?"

Akavaa miwani, akafungua kitabu chake, akahesabu mizinga kwa kidole, akarudia. Mimi nimesimama naiona likizo yangu inakwenda na maji.

"Ndio huohuo," akasema mwishowe. "Basi imetoka matengenezoni."

"Bado bunduki ndogo," nikamkumbusha. Kazi isiachwe nusu.

"Hizo nitaweka mimi. Wewe basi, halas, usiiguse. Imebakiza mwaka mmoja tu izame, na nakuona una haraka."

Asubuhi yake akaniombea serikalini ruhusa ya kusafiri, miezi miwili. Alisema meli ipate kupumzika.

Njiani kwenda uwanja wa ndege dereva akaniuliza kama mtoto atasalimika mikononi mwangu. Nikamwambia atazame barabara.